Siku nne Naoshima na baba mdogo, fundi zege wa Pangani

ALHAMISI

Tumetoka Osaka alfajiri. Treni ya mwendo kasi mpaka Okayama haimalizi hata saa nzima, pale tukabadilisha tukapanda ile ya kusimama kila kituo mpaka Uno, ambako reli inaishia kabisa na mbele yako unaona maji. Baba mdogo njia nzima kabandika uso dirishani. Huyu ni mdogo wake marehemu baba, amepiga zege Pangani na Tanga mjini miaka 38, sasa ana miaka 66 na pasipoti yake ina muhuri wa nchi moja tu, Japani. Mi nafanya kazi Osaka huu mwaka wa tano, na toka niisikie Naoshima, kile kisiwa cha makumbusho, nilikuwa nasema siku akija mtu wa nyumbani anayejua ujenzi ntampeleka kule, maana picha nimeangalia nyingi sana ila nilitaka niende na mtu ambaye mikono yake inajua.

Feri kutoka Uno ni dakika 20 tu. Bahari yenyewe ni ya ndani, inaitwa Seto, visiwa kila upande, maji hayana hata wimbi. Baba mdogo akasema Pangani unaona maji yametulia hivi pale mtoni bahari ikishajaa, kabla haijaanza kurudi. Akakaa nje kwenye baridi ya Novemba na koti langu juu ya koti lake, hakutaka kuingia ndani.

Ukishuka bandarini Miyanoura kitu cha kwanza ni boga. Boga jekundu kubwa la madoadoa meusi, kazi ya mama mmoja msanii anaitwa Yayoi Kusama, limewekwa pale 2006, unaweza kuingia ndani yake ukachungulia bahari kwenye matundu. Kuna na lingine la njano upande wa pili wa kisiwa, hilo tutalifikia.

Niwape historia kidogo maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini kisiwa cha watu kama 3,000 kina makumbusho namna hii. Naoshima toka 1917 kuna kiwanda cha kuyeyushia shaba upande wa kaskazini, kiliwapa watu kazi kweli, ila moshi wake uliua miti mpaka milima ya kule ikabaki vipara. Miaka ya 80 vijana wanaondoka kwenda mjini, kisiwa kinazeeka. 1985 meya wa kisiwa akakutana na mzee Fukutake, mwenye kampuni ya vitabu vya shule kule Okayama, wakakubaliana upande wa kusini wafanye kitu cha watoto na utamaduni. Mzee akafariki mwaka uliofuata, mwanae Soichiro akakishika kile kitu hakukiacha tena, akamwita msanifu majengo Tadao Ando wa Osaka, 1989 ikafunguliwa kambi ya watoto, 1992 hoteli ambayo ndo hiyohiyo makumbusho inayoitwa Benesse House, 2004 makumbusho ya Chichu, na mpaka leo wanaongeza.

Huyu Ando nilimsimulia baba mdogo ndani ya basi. Kazaliwa 1941, alikuwa bondia, chuo cha usanifu hakusoma, kajifundisha mwenyewe kwa vitabu na kwa kusafiri kuangalia majengo, na 1995 akapewa tuzo ya Pritzker ambayo kwa wasanifu hakuna kubwa kuliko hiyo. Baba mdogo akauliza, "Kwa hiyo hana cheti?" Nikamwambia hana baba. Akanyamaza kidogo afu akasema, "Basi tukamwone."

Mchana tulikuwa Honmura, kijiji cha zamani upande wa mashariki. Nyumba nyingi zina kuta za mbao zilizochomwa moto mpaka zikawa nyeusi kama mkaa, na baba mdogo ikabidi asimame kila nyumba. Wajapani wanazichoma kwa makusudi, ule mkaa wa juu unazuia maji na wadudu na hewa ya chumvi. Sisi nyumbani tunapaka oili chafu kwa ajili ya mchwa, akasema harufu yake haiishi mwaka mzima, na hapa wametumia moto tu.

Baadhi ya nyumba hizo zilikuwa zimehamwa wakapewa wasanii. Moja inaitwa Kadoya, unaingia ni giza, chini pale ambapo zamani palikuwa na sakafu ya mikeka kuna maji na ndani ya maji tarakimu 125 zinahesabu, nyekundu, kijani, njano, kila moja na kasi yake. Kazi ya Tatsuo Miyajima. Kilichonigusa ni kwamba hizo kasi walizipanga wenyeji wenyewe, mtu na tarakimu yake, kwa hiyo yule bibi unayepishana nae anafagia mbele ya mlango inawezekana kabisa kuna namba mle ndani inahesabu kwa mwendo wake.

Na pale jirani kuna Minamidera, jengo jipya la mbao nyeusi ambalo Ando alilijenga 1999 mahali palipokuwa na hekalu, ndani kuna kazi ya James Turrell, mmarekani anayefanya kazi na mwanga. Mnaingizwa watu wachache mnashika ukuta kwa mkono maana giza lake sio giza la umeme kukatika, ni giza kweli, ukifumba macho na ukifumbua ni yaleyale. Mnakaa kwenye benchi. Nikasikia baba mdogo anavuta pumzi, dakika zikapita, tano, saba, sijui, afu mbele ukaanza kuja mwanga hafifu wa mraba kama dirisha la nyumba ya mbali usiku. Ule mwanga ulikuwepo toka tumeingia. Hakuna aliyeuwasha, macho yetu ndo yalikuwa bado. Tulipotoka baba mdogo akaniuliza mara mbili kama ni kweli hawakuwasha kitu.

Usiku gesti ya familia, tambi nene za udon ambazo ndo fahari ya mkoa huu wa Kagawa, na simu ya baba mdogo ikaanza kulia. Vijana wake wa Pangani wametuma picha whatsapp, kuna nyumba wanaijenga karibu na mto, zile nguzo nne za barazani wametoa mbao leo. "Fundi mkuu shikamoo, tuanze lipu Jumatatu?" Akazivuta picha kuzikuza, akaziangalia muda mrefu. Akawajibu wasubiri kwanza.

IJUMAA

Leo ndo siku yenyewe. Chichu tiketi unakata mtandaoni na saa yako unaichagua kabisa, sisi tulikuwa na saa 4 na nusu asubuhi. Kutoka kituo cha tiketi unapanda kwa miguu pembeni ya bustani ndogo yenye bwawa la mayungiyungi, wameipanda kwa mfano wa bustani ya mchoraji Claude Monet kule Giverny Ufaransa, afu unafika kwenye mdomo wa zege kwenye kilima na hapo ndo unaingia ardhini. Chichu maana yake ndani ya ardhi. Makumbusho karibu yote imezikwa, ukiwa nje huoni jengo unaona kilima na miti, ila ukiangalia picha iliyopigwa kutoka juu angani unaona matundu, mraba, pembetatu, mstatili, basi. Walitaka kuonyesha kazi za wasanii watatu bila kuharibu mandhari ya kile kilima wakaona njia ni kushuka chini.

Ndani picha hairuhusiwi, na nashukuru, maana kila mtu alikuwa anaangalia kwa macho yake. Ni korido ndefu za zege tupu, kuta zimeinama kidogo, kuna mahali ukuta umechanwa mlalo mrefu mwembamba na kupitia ule mwanya unaona ua wa mraba wenye majani membamba ya kijani yaliyosimama kama mabua ya mpunga, na juu ni mbingu. Hewa ya bahari inapita, mvua ikinyesha inaingia. Uko chini ya ardhi lakini hali ya hewa unaijua kuliko ukiwa ofisini ghorofani.

Baba mdogo yeye alikuwa anaangalia ukuta. Wenzetu wanaenda mbele yeye kasogeza uso karibu kabisa, mikono kaiweka nyuma kama walivyotuomba tusiguse. Zege la Ando lina mistari ya mbao za fomu, zile zinazoshikilia zege likiwa bado bichi, na kila kibao kina matundu sita yamepangika sawasawa. Mbao ni sentimeta 90 kwa 180, karibu sawa na mkeka mmoja wa tatami, ule ambao Wajapani toka zamani wanapimia vyumba. Baba mdogo akanieleza kwa kunong'ona kwamba yale matundu ni ya vyuma vya kushika mbao za pande mbili ili zege likimwagwa fomu isifumuke, kila fundi anayo, ila fundi wengine wote wanaziba kisha wanapiga lipu juu na hakuna anayejua yalikuwepo. Akasema, "Huyu ameyapanga toka kwenye karatasi. Angalia, linaanzia hapa kwenye kona na linaishia kwenye kona, hakuna kibao kilichokatwa." Afu akaniambia kitu ambacho mi kwa miaka yote niliyomwona akifanya kazi sikuwahi kukifikiria, kwamba zege likiachwa tupu hivi ukikosea unabomoa, kwa hiyo kila mtu aliyekuwepo siku ile, wa kokoto, wa maji, wa kushindilia, wote walijua kazi yao itaonekana kama ilivyo mpaka jengo lifike mwisho wake.

Chumba cha Monet unavua viatu unapewa ndara. Sakafu imepangwa vijiwe vidogo vya marumaru nyeupe, vipo 700,000, kila kimoja kama kidonge cha sukari guru kilichokatwa vizuri, kona za kuta zimeviringwa, taa hakuna hata moja, mwanga wote unatoka juu kwa jua. Michoro mitano ya mayungiyungi, mkubwa una mita 2 kwa 6. Nilikuwa nimeiona kwenye kalenda na kwenye mabegi ya plastiki, sikuwa nimeiona. Wingu lilipita wakati tumesimama, chumba kizima kikaingia kivuli na ile zambarau kwenye mchoro ikazama chini kama kitu kimepita kwenye maji, wingu likaondoka ikapanda tena. Watu wote mle ndani waliinua kichwa kwa pamoja.

Nikamwambia baba mdogo kwamba Monet alipochora hii alikuwa mzee na alikuwa na mtoto wa jicho. Baba mdogo mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto miaka mitatu nyuma, na la kulia bado. Akafunika la kushoto kwa kiganja akaangalia kwa la kulia, akabadilisha, akarudia tena. "Ndo hivi," akasema. "Mimi nilikuwa nauona mto hivi. Watu wanafikiri unaona giza, sio giza, unaona vitu vimeyeyuka." Tukakaa pale mpaka yule dada mhudumu mwenye nguo nyeupe akaja kutukaribisha chumba kingine.

Vingine nitavipitia haraka. Kuna cha Turrell, unapanda ngazi kuelekea kitu ambacho ungeapa ni kitambaa cha buluu kimetundikwa ukutani, unaambiwa tembea, unaingia ndani yake, kumbe ni chumba. Na kuna cha msanii Walter De Maria, ngazi pana kama za hekalu, katikati jiwe la mviringo la matale kipenyo mita 2.2, limesuguliwa mpaka tundu la darini unaliona juu yake, kuta zimewekwa vipande 27 vya mbao vilivyopakwa dhahabu. Chumba kimelala mashariki kwa magharibi, kwa hiyo asubuhi na jioni sio chumba kimoja. Tulipanga kurudi jioni, haiwezekani, tiketi ni ya kuingia mara moja.

Adhuhuri tuliswali nje kwenye majani pembeni ya njia, kibla kwa simu, upepo wa bahari usoni.

Mchana makumbusho ya Lee Ufan, msanii mkorea, Ando ndo kajenga 2010. Uwanja wake wa mbele una nguzo moja ya zege ya mita 18.5 imesimama peke yake haijabeba kitu. Baba mdogo aliizunguka mara tatu. Huku nje kuta unazifikia, akapima kwa mkono, dhiraa mbili kwa dhiraa nne kibao, akatoa kalamu akaandika kwenye kiganja. Akanishika mkono wangu akaupitisha juu ya ukuta, ni laini kama chungu kilichochomwa vizuri, una ubaridi, hakuna kokoto iliyotokeza wala tundu la hewa. "Hili limeshiba," akasema.

Benesse House jioni. Nitaje kimoja tu, kule nje kwenye ukuta wa zege unaoelekea baharini zimetundikwa picha za bahari za Hiroshi Sugimoto, nyeusi na nyeupe, kila picha nusu maji nusu mbingu, bahari tofauti za dunia, na wameziacha nje kwenye jua na chumvi. Mstari wa maji kwenye picha unakutana na mstari wa maji ya kweli nyuma yako. Nilijaribu kutafuta bahari yetu sikujua ni ipi, kwa mbali zote zinafanana.

Boga la njano tumelikuta magharibi inaingia, liko mwisho wa gati. Liliwekwa 1994, Agosti 2021 kimbunga kililing'oa kikalitupa baharini, likavunjika, Oktoba 2022 wakarudisha jipya palepale. Wanafunzi walikuwa wanapanga foleni kupiga nalo picha na baba mdogo akapiga ya kumpelekea mama mdogo.

JUMAMOSI

Teshima, kisiwa cha jirani, boti dakika kama 20. Ni boti ndogo na hazipo nyingi kwa siku, fika mapema.

Teshima ina kidonda chake. Kuanzia miaka ya 70 mpaka 1990 kuna kampuni ilikuwa inamwaga taka za viwandani kule kinyume cha sheria, wakazi wakapigana miaka na miaka, 2000 ndo wakafikia mapatano na serikali ya mkoa, na kuzitoa zile taka, zaidi ya tani laki 9, zikipelekwa Naoshima kuteketezwa, imekwisha 2017. Naandika hili makusudi kwa sababu ukifika unaona mashamba ya mpunga ya ngazi yanashuka mpaka baharini, mazuri kupita kiasi, na mengi yalikuwa yameachwa, yakalimwa upya na wenyeji wakati makumbusho inajengwa. Uzuri ule umefanyiwa kazi.

Makumbusho yenyewe ipo katikati ya hayo mashamba, 2010, msanifu Ryue Nishizawa na msanii Rei Naito. Kwa nje ni kama tone la maji limedondoka kwenye kilima. Mita 40 kwa 60, paa lake mahali pa juu kabisa halifiki mita 5, zege unene sentimeta 25, na hakuna nguzo hata moja. Matundu mawili makubwa ya mviringo, hayana kioo. Unavua viatu, unaombwa usiongee.

Ndani hamna kitu cha kuangalia ukiwa na haraka. Sakafu ina vitundu vidogo sana na humo maji yanachomoza, tone moja, linakaa, linaungana na jirani yake, afu ghafla linakimbia kama kitu hai, linanyooka kama nyoka, linasimama, linaungana na dimbwi. Ndege anasikika. Uzi mwembamba umening'inia kwenye tundu la paa, upepo ukija unaonekana kwenye ule uzi kabla hujakufikia mwilini. Nilikaa chini kwenye zege la baridi na sikujua saa imepita.

Baba mdogo alichuchumaa karibu na tone moja kwa muda mrefu, kisha akalala chali kabisa kama mtu yuko barazani kwake, akawa anaangalia paa, na najua alikuwa anatafuta mirunda ilisimama wapi. Nilimwambia tulipotoka. Hawakutumia mirunda wala mbao. Walirundika udongo ukawa kilima chenye umbo lile, wakalainisha juu, wakapanga nondo, wakamwaga zege juu ya kilima, likakauka, ndipo wakachimba udongo wote wakautoa kupitia matundu. Alisimama pale njiani. Akarudia polepole, "Udongo ndo ulikuwa mirunda." Afu akageuka kurudi, nikadhani kasahau kitu, kumbe anataka kuangalia tena kwa nje.

Kutoka pale tulishuka kwa miguu mpaka ufukweni, kuna nyumba nyeusi ndogo kazi ya Christian Boltanski, mfaransa aliyefariki 2021, inahifadhi mapigo ya moyo ya watu wa dunia nzima. Ukitaka unalipia wanarekodi wako. Baba mdogo alitaka. Akavua koti, akashika kile kifaa kifuani mwenyewe, akafumba macho. Kwenye kompyuta wanakwambia uandike maneno kidogo, akaniambia niandike jina la marehemu baba, kaka yake. Nikaandika, mikono ilinitetemeka kidogo. Afu kuna chumba kirefu chenye giza, taa moja inawaka na kuzima kwa kufuata moyo unaopigwa, tukasimama tukasikiliza mioyo ya watu tusiowajua, mingine inakimbia, mmoja ulikuwa mzito wa polepole na baba mdogo akasema huyo mzee kama mimi.

Basi la kurudi lilikuwa limejaa ikabidi tusubiri la pili, boti ya mwisho tumeikuta wanafungua kamba.

JUMAPILI

Asubuhi tulipitia nyumba ndogo ya makumbusho ya Ando hapo Honmura, nyumba ya mbao ya zamani ya miaka 100 na ndani yake wamesimamisha kuta za zege bila kugusa mapaa ya zamani. Hatukukaa sana. Feri ya saa 5.

Kwenye feri baba mdogo akaomba nimtumie picha niliyopiga ya ukuta wa nje wa Lee Ufan, ile ya karibu yenye matundu sita. Akaituma kwa vijana. Akazifungua tena zile picha zao za nguzo za barazani, akazikuza moja moja, akaniuliza na mimi naonaje ile ya pili kutoka kushoto, nikamwambia naona imenyooka, akasema hapana, angalia chini, zege halikushindiliwa, ila tatu zimetoka safi. Kisha akabonyeza kurekodi sauti, upepo unavuma, akaweka simu karibu na mdomo:

"Asalaam alaykum vijana. Hiyo picha ni zege, haijapakwa kitu. Sasa sikilizeni, endeleeni kuzimwagia maji nguzo asubuhi na jioni, zifunikeni magunia. Ile moja mtaibomoa, mtaisimamisha upya, mbao mzipange toka chini zilingane, mkikata kibao nitaona. Hizo tatu msipige lipu. Msiziguse mpaka nije."